Mwani, Dagaa na Joto la Mwisho wa Kaskazi

Hesabu na majina ya viongozi mtayaona kurasa nyingine. Sisi tumeona tuandike habari ya bahari, maana karibu fedha yote iliyoingia sandukuni tangu 2015 imetoka majini.

Kupanda mwani si kazi ya bibi zetu. Mwani wa kujiotea uliokotwa na kuuzwa nje tangu zamani, lakini kuupanda ni jambo la juzi. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilifanyia utafiti na kulihimiza miaka ya 1970 na 1980. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Unguja kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na miaka ya 1990 kikavuka kuja huku kwetu Tanga. Wanaume wachache walijaribu wakaacha, wakasema ni kuvunja mgongo kwa fedha ya chumvi. Akina mama tukabaki.

Kazi yenyewe mnaijua: vigingi, kamba na tai-tai, na wiki sita za kungoja. Tunaingia wakati wa bamvua, na bamvua la huku maji hupwa kabisa saa nne, saa tano asubuhi, jua linapopanda. Kuanzia Januari mpaka Machi, mwisho wa kaskazi, maji yaliyobaki juu ya mchanga yanakuwa kama ya kumkandia mzazi. Hapo ule mwani wa kotonii, wenye bei nzuri, unageuka mweupe, unalainika, unakatika. Spinosamu unavumilia kidogo ila bei yake ndogo. Tena huja yale majani membamba kama nywele, yanazonga kamba, na ukiyashika mikono inawasha, macho yanavimba. Wataalamu wanasema ni ndugu na kile kijani kinachofunika maji ya Ziwa Viktoria. Kule kinashiba mbolea na uchafu wa mijini, na kikioza kinamaliza hewa ndani ya maji, samaki wanakufa. Sisi ziwa hatuna, lakini huyo ndugu yake tunaye.

Kaskazi ya kwanza ya kikundi, mwanzoni mwa 2016, ilikuwa mbaya. Ulikuwa mwaka wa El Nino, joto la bahari likapanda, matumbawe yakageuka meupe kama yalivyofanya 1998. Mashamba yetu yakaisha. Kuna mnunuzi aliyetukopesha kamba, naye bei akipanga mwenyewe. Mwani hakuna, deni liko pale pale. Sandukuni mlikuwa na fedha kidogo chini ya kufuli tatu. Wengine wakataka tugawane, kila mtu ashike njia yake. Tulibishana Ijumaa mbili.

Bibi mmoja mwenzetu ndiye aliyesema: jua hili linaua mwani, lakini dagaa linamkausha. Basi. Kaskazi bahari ni shwari, mashua za taa zinatoka usiku wa giza, na alfajiri dagaa wako ufukweni wanapimwa kwa ndoo. Tukakopeshana kwa makundi ya watu watano, tukanunua, tukachemsha kwa maji ya chumvi, tukaanika juu ya chanja. Jua lile lile lililotufilisi likawakausha vizuri, masika wangeoza. Tukauza Horohoro na Tanga mjini, kwa watu waliozoea dagaa wa Mwanza. Deni la kamba likalipwa kabla ya Ramadhani, na sanduku halikuvunjwa.

Tangu hapo ndiyo desturi: kusi ikipoza maji, mwani, kaskazi ikichemka, dagaa. Si kwamba mambo ni mteremko. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hakuna. Na kuchemsha kunakula kuni. Mikoko haikatwi bila kibali, tena ndiyo maficho ya samaki wadogo na uduvi tunaowategemea. Tumekubaliana kununua kuni za mikanju na miembe mizee, lakini ni ghali, na wapo wanaopitia mikokoni jioni. Kikao hakijalimaliza jambo hili. Wanaohusika wanajijua.

Hoja nyingine ni kuhamisha mwani kwenye kina, mahali maji hayachemki. Unguja, wanasayansi kama Dk. Flower Msuya wamefundisha akina mama kupanda mbegu ndani ya nyavu zilizoshonwa kama bomba. Hilo linataka mashua, na linataka kuogelea. Wengi wetu tumezaliwa ufukweni na kuogelea hatujui, kwani mwanamke huku huingia baharini maji yakishapwa. Mwaka huu tumetenga fedha ya nyavu mbili za kujaribia. Wanne wetu wameshaanza kufundishwa kuogelea na binti wa mwenzetu, alfajiri mapema, kabla vijana hawajafika ufukweni kutucheka.