Miaka 10 ya wizi wa The DAO: Leja iliona, watu wakabishana

Juni 17, 2016 gumzo nchini Tanzania lilikuwa simu feki, ambazo Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilikuwa imezizima usiku wa Juni 16. Siku hiyohiyo, kwenye mtandao wa Ethereum ulioanza mwaka mmoja tu nyuma, mfuko wa uwekezaji uitwao The DAO ulikuwa ukikombwa. Ulikuwa umechangiwa takriban dola milioni 150.

Kosa lilikuwa kwenye programu yake. Mchukulie wakala wa fedha za simu anayekabidhi fedha kwanza, salio akakata baadaye: mteja akirudia ombi kabla hajakata, analipwa tena. Mdukuzi aliandika programu ya kurudia ombi hilo bila kuchoka, ikachota ether, sarafu ya mtandao huo, milioni 3.6.

Leja ya blokucheni, yaani daftari la miamala ya mtandao huo, haina siri, na hadi leo yeyote anaweza kuifungua akaiona miamala ile imejipanga, mmoja nyuma ya mwingine. Watu waliiona ikipita wakati uleule. Kwa bahati, fedha zilifungiwa kwa wiki kadhaa kabla mwizi hajaweza kuzitumia. Hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Kundi moja lilitaka historia ya miamala ibadilishwe ili wenye mali warudishiwe. Jingine likashikilia kwamba programu ndiyo sheria, na aliyeitumia ilivyoandikwa hakuiba. Hoja hiyo ya pili, kwa maoni yangu, ni ya mtu ambaye hajawahi kuibiwa. Julai 20 mtandao uligawanyika. Waliokataa kubadilisha historia wamebaki na Ethereum Classic.

Tangu hapo zimetengenezwa programu za kunusa muamala unaojirudia mno, au anwani mpya inayochota kwa pupa. Lakini Machi 23, 2022 wezi walibeba zaidi ya dola milioni 600 kutoka mtandao mwingine wa blokucheni, Ronin, na wahusika wakagundua Machi 29, mteja aliposhindwa kutoa fedha zake.

Kwetu, Benki Kuu ilionya mwaka 2019 kuwa sarafu hizi za kidijitali si halali. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka ijiandae nazo. Tangu Julai 2024 uhamishaji wa mali za kidijitali unakatwa kodi ya asilimia 3. Tapeli wa simu tunamripoti kwa namba 15040. Serikali inayochukua asilimia 3 itangaze basi ni nani anayeifuatilia miamala hii, na aliyeibiwa akimbilie dirisha gani.