Tiba ya Akili: Kutoka Mathari Hadi Vijiji vya Makueni

Katika mwezi mtukufu twatembeleana na kufuturu pamoja. Hebu jiulize: katika nyumba ulizoingia, je, hakuna aliyefichwa chumba cha nyuma kwa kuwa watu wanasema ana wazimu?

Waislamu wa zamani hawakuwaficha. Damascus, mwaka 1154, Sultani Nur al-Din alijenga hospitali kubwa. Cairo, mwaka 1284, Sultani Qalawun akajenga nyingine, na humo wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao, wakitibiwa kama wagonjwa wengine.

Sisi huku tulianza vingine. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wagonjwa wa akili Nairobi, pale palipokuwa pa kuwatenga wenye ndui. Mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Uone basi mwanzo wenyewe: kutenga, kisha ndio kutibu. Na mtu wa Kitui au Wote alikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 100 kufika huko. Wengi hawakufika. Walikwenda kwa mganga wa kienyeji, kwa mchungaji, au kwa shekhe kusomewa.

Mabadiliko yaliletwa na elimu. Mwaka 2006 Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walitoa kitabu cha kufundishia magonjwa ya akili kilichotungwa kwa ajili ya Afrika. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kumwezesha muuguzi wa kawaida kutambua na kutibu maradhi haya. Katika miaka iliyofuata, taasisi ya Profesa Ndetei ikaupeleka mwongozo huo Makueni. Wakafundishwa wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya wa vijijini. Na si hao tu: hata waganga wa kienyeji na viongozi wa dini walifundishwa. Kwa nini? Kwa sababu wao ndio wanaofuatwa kwanza. Hawakupigwa vita, bali walipewa ujuzi wa kumtambua mgonjwa na kumwelekeza zahanati.

Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ya 1989 ikarekebishwa, na kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizi. Sawa, lakini sheria haimtibu mtu. Atakayemfundisha muuguzi wa Mwingi au Kibwezi ni nani, kama hakuna aliyesoma zaidi yake?

Hapo ndipo unapoingia wewe, kijana. Ukiwa na shahada ya uuguzi, udaktari, saikolojia au ustawi wa jamii, usiishie hapo. Uliza chuoni kuhusu uzamili wa afya ya akili. Elimu ya juu si ya Nairobi pekee: hata Kitui ina chuo kikuu chake, SEKU, kilichopata hati mwaka 2013.

Nanyi wazazi, mtoto akiitaka kozi hii msimwambie ati ni kozi ya vichaa. Huenda yeye ndiye atakayemtoa jirani yenu chumba cha nyuma.

Kisomo na dua viendelee, na zahanati tufike. Kimoja hakimzuii mwenzake. Allah awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.