Nani Aligundua Echinacea? Si Yule Mnaambiwa

Wasee, juzi mafua yalinishika vibaya. Nikaingia kemisti, nikauziwa vidonge vyenye picha ya ua la zambarau: echinacea. Kama vilinisaidia ama mafua yaliisha yenyewe, sijui, na hata watafiti bado wanabishana. Lakini hilo ua lilinifanya nikose usingizi, juu nilianza kusoma historia yake.

Echinacea ni ua la mwituni la Amerika Kaskazini. Ni mmea sugu. Theluji ikija, majani yanakufa, lakini mzizi unabaki chini ukingoja, na joto likirudi unachipuka upya, mwaka baada ya mwaka. Kuupanda kunataka subira. Mbegu za ile aina ya majani membamba lazima uzidanganye kwamba zimepita msimu wa baridi: unaziweka kwa mchanga wenye unyevu ndani ya friji kwa wiki kadhaa, ndio zikubali kuota. Halafu ungoje kama miaka 3 ndio mzizi ukomae. Si sukuma wiki, ati unachuma jioni unapika.

Sasa sikiza. Miaka ya 1880, kwa mji mdogo unaitwa Pawnee City, jimbo la Nebraska, kulikuwa na jamaa anaitwa H.C.F. Meyer. Hakuwa na shahada ya udaktari. Alikuwa anauza dawa ya kusafisha damu iliyotengenezwa na huo mzizi. Akawaandikia wasomi wa Cincinnati, John King na John Uri Lloyd, akawaambia inatibu hata sumu ya nyoka. Walipomtilia shaka, akajitolea aumwe na nyoka mbele yao! Wakakataa. Lakini 1887 King akaandika kuhusu hiyo dawa, na baadaye kampuni ya kina Lloyd ikaiuza sana.

Kusema ukweli, hapo nilikuwa nishampenda Meyer. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Najua vile mtu anakuangalia akisikia huna karatasi. Nikasema huyu ndiye shujaa wangu, msee wa mtaani aliyewafunza maprofesa.

Kisha nikajiuliza, huo mji uliitwa Pawnee kwa nini?

Wapawnee ni wenyeji wa hiyo ardhi. Miaka ya 1870 walihamishwa kutoka Nebraska, wakapelekwa kusini, mahali leo ni Oklahoma. Mji ukabaki na jina lao bila wao. Na huo mzizi? Wapawnee, Walakota na majirani wao walikuwa wanautumia kitambo. Ukiumwa na jino, unautafuna, mdomo unakufa ganzi. Walitibu nao majeraha ya moto na sumu ya nyoka. Watoto wa Kipawnee hata walikuwa wanachezea vichwa vya hilo ua, wanavizungusha kwa mkono. Mtafiti Melvin Gilmore aliandika mwaka wa 1919 kwamba wenyeji wa hizo mbuga waliutumia kwa magonjwa mengi kuliko mmea mwingine wowote.

Hii ndiyo sehemu iliniuma. 1883, serikali ya Marekani iliweka kanuni za kuwaadhibu waganga wa wenyeji wakifanya kazi yao. Yaani miaka ileile Meyer anauza mzizi kwa chupa, mganga wa Kilakota angeweza kuadhibiwa kwa kuwatibu watu wake. Mmea mmoja. Kwa huyu ni biashara, kwa yule ni kosa.

Kwa hivyo shujaa wangu ambaye hakuwa na karatasi pia alikuwa amekalia watu wengine. Na mimi nilikuwa karibu nimpigie makofi bila kuuliza nani yuko chini.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia "fulani aligundua", nauliza: aligundua, ama aliambiwa? Kuna watu waliungoja huo mzizi ukomae, wakaujaribu, wakafunza watoto wao, miaka na miaka. Huo ni usomi. Ni vile tu hakuna aliyewapa gauni na kofia.

Ukikutana na hilo ua kwa pakiti, soma nyuma. Mimi nilisoma yangu yote. Nikaona bei, nikaona tarehe ya kuharibika. Walakota na Wapawnee, hata herufi moja sikuona.