Elimu ya Kusawazisha Injini katika Nchi ya Karagwe

Habari za Karagwe huanzia Bweranyange, alipowapokea Omukama Rumanyika wageni wake Speke na Grant mwishoni mwa mwaka 1861. Hazina ya ufalme ilikuwa na vyombo vya chuma, na miongoni mwavyo sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa na wahunzi wa nchi hiyo. Mimi nami naanzia hapo, ila nakusudia kufikia jambo ambalo wanahistoria wetu hawakulijali sana, yaani jinsi wenye motokaa katika vilima vya Mabira walivyojifunza kuzisawazisha injini zao kwa mikono yao wenyewe.

Sababu moja ilikuwa njia. Karagwe haikupata reli. Kahawa yake ilichukuliwa kwa malori mpaka Bukoba ili ipakiwe katika meli za ziwani, na njia hiyo hupita Kyaka. Majeshi ya Idi Amin yalipolivunja daraja la Kyaka mwaka 1978, na baada ya vita vipuri vikawa adimu nchini kote, mwenye gari alijikuta hana fundi wa karibu wala kipuri kipya.

Lakini sababu iliyo nzito zaidi ni hewa. Nyanda za Karagwe zimeinuka mahali pengi zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na huko hewa imepungua uzito kwa yapata sehemu moja katika saba. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya Dar es Salaam hutoa petroli nyingi kupita kiasi ifikapo huku: moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi, na gari hushindwa mlima ambao pwani lingeupanda bila taabu. Basi dereva alilazimika kusoma. Aliifungua plagi akaitazama rangi: nyeusi, petroli imezidi, nyeupe, imepungua, na vali zaweza kuungua, rangi ya kahawia iliyokauka ndiyo aliyoitafuta. Ilimpasa kutia jeti yenye tundu dogo zaidi, na kuiwahisha cheche kidogo, kwa kuwa mchanganyiko katika hewa nyepesi huwaka polepole. Nafasi ya platini, ambayo katika magari mengi ya zamani yakaribia sehemu nne za kumi za milimita, iliweza kupimwa kwa nyembe nne zilizobandikwa pamoja, maana wembe mmoja una unene wa yapata sehemu moja ya kumi. Mwisho aliikaza skrubu ya kabureta mpaka injini ikasitasita, akailegeza mpaka ikanguruma ovyo, kisha akaiacha katikati, akisikiliza.

Jambo hili lasemwa upesi kuliko linavyotendeka. Siku ya kwanza mimi niliizungusha distribyuta bila kuitia alama, nikalala ndani ya gari mteremkoni. Asubuhi mzee mmoja dereva alinicheka sana, kisha akachora mstari kwa msumari, akaniambia, "Mwanangu, kabla ya kukigusa kitu, kwanza ujue kilikuwa wapi."

Maneno hayo mzee hakuyapata shuleni. Madereva wengi wa zamani waliianza kazi wakiwa matingo, wakizungusha hendeli na kuosha mikono ya mabwana wao kwa petroli. Fundi aliyeijua injini aliweza kuigeuzia kisogo akiisawazisha, ili utingo asione. Elimu ilikuwa riziki, na riziki haigawiwi bure. Wengine walijifunza jeshini katika vita vya 1939 hadi 1945, wakiendesha malori ya Waingereza. Hata hivyo dhana ya kwamba mtu wa Afrika ya Mashariki hujua usukani tu na kuwaachia wengine injini ilidumu miaka mingi. Safari Rally ya mwaka 1965 ilitoa jibu: Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi yeye mwenyewe, aliishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika.

Kwa upande wa Kagera jibu lilikuwapo zamani zaidi. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt alishuhudia wazee wa Kihaya wakiyeyusha tena chuma kwa mivukuto, na makala aliyoitoa pamoja na Donald Avery mwaka 1978 ilieleza ustadi wao wa kuongoza hewa ndani ya tanuri. Wataalamu wengine waliibishia hoja yao kuhusu hewa iliyopashwa moto kwanza. Sidai kwamba dereva wa lori alirithi kitu kwa mhunzi. Nasema tu kwamba wote wawili walikabiliwa na swali moja, la hewa kiasi gani kwa moto kiasi gani, nao walilijibu kwa macho na masikio.

Leo magari mapya hupimiwa petroli na kompyuta, na skrubu ya kugeuza haipo. Pikipiki za abiria, ambazo zimejaa Kyerwa tangu kabla wilaya hiyo haijatengwa na Karagwe mwaka 2012, nyingi zingali na kabureta. Kando ya njia ya Mabira utamwona kijana amechuchumaa, plagi mkononi, akiigeuzageuza juani aione rangi yake, na mdogo wake amesimama nyuma akichungulia.