Elimu ya Kudadisi kati ya Dumila na Mazimbu

Dumila, mji mdogo wa wilaya ya Kilosa uliokua kwenye njiapanda ambapo barabara ya Morogoro hadi Dodoma huachana na ile ya kwenda Kilosa kupitia Rudewa, haujawahi kuwa na chuo kikuu. Hata hivyo, kwenye barabara hiyohiyo, kuanzia Dumila kupitia Dakawa hadi viunga vya mji wa Morogoro, yalifanyika katika miaka ya 1970 na 1980 majaribio mawili ya kumfundisha kijana fikra tunduizi, yaani tabia ya kutolipokea dai lolote kabla ya kuuliza limetoka wapi, limejengwa juu ya ushahidi gani na linaacha nini nje, pamoja na uandishi wa kitaaluma, ambao ndio ufundi wa kuyaweka maswali hayo na majibu yake kwenye karatasi ili msomaji aweze kuyapima.

Jaribio la kwanza lilikuwa la taifa zima. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, ambamo aliikosoa shule iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni na kutaka mwanafunzi ajengewe akili ya kudadisi pamoja na uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine, akiyakataa wanayoyafanya au kuyarekebisha kulingana na mahitaji yake. Azma hiyo ilikwama mahali ambapo pengine haikutegemewa kukwama, napo ni kwenye lugha. Kijana wa Dumila alisoma miaka saba kwa Kiswahili, lugha ambayo angeweza kubishania kwayo bei ya mahindi au mpaka wa shamba na kumshinda mtu mzima kwa hoja, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo, ukiacha Kiswahili chenyewe, linafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu aliandika ubaoni, mwanafunzi alinakili na kukariri, na mtihani ukampa alama kwa kuyarudisha maneno yaleyale. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari na kuendelea, lakini serikali haikulitekeleza pendekezo hilo; miaka miwili baadaye, utafiti wa Criper na Dodd ulionyesha kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo yao. Chuo kilichompokea mhitimu wa mfumo huo kilimpokea mtu ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, ila hakuwahi kutakiwa kuandika aya moja ya hoja yake mwenyewe.

Jaribio la pili lilikuwa la wageni. Baada ya wanafunzi wa Soweto kuandamana tarehe 16 Juni 1976 wakipinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, vijana wengi waliikimbia Afrika Kusini, na mwaka 1977 Tanzania ikakipa chama cha ANC, kilichopigania ukombozi wa nchi hiyo, shamba la mkonge lililoachwa huko Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Hapo ndipo kilipojengwa chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, mpigania uhuru aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1982 ANC ilipewa ardhi nyingine huko Dakawa, upande wa kuelekea Dumila, ambako baadaye kilianzishwa kituo kilichoitwa kwa jina la Ruth First, mwandishi na mtafiti aliyeuawa kwa bomu la barua mjini Maputo mwezi Agosti mwaka huohuo wa 1982. Kazi ya kituo hicho ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu: waliowasili walipimwa kiwango chao na kuandaliwa kimasomo kabla ya kupelekwa Mazimbu, kwa kuwa waliowapokea walijua kwamba Elimu ya Kibantu, iliyowekwa kwa sheria ya 1953, ilikusudiwa kumfanya Mwafrika awe mtumishi, na kwamba madhara yake yasingeondoka kwa kumkabidhi mtu kitabu kipya tu. Huko Mazimbu lilikuwapo pia somo la historia ya maendeleo ya jamii, lililomtaka mwanafunzi aeleze kwa nini jamii hubadilika badala ya kutaja tarehe za mabadiliko. Haifai kuipamba picha hii kupita kiasi, maana chama kilichokuwa vitani hakikuweza kukaribisha kila swali, na Kiingereza kilichotumika kufundishia huko hakikuwa lugha ya mama ya vijana wale pia. Lakini maandalizi yalihesabiwa kuwa kazi kamili yenye mahali pake na muda wake.

Ugumu wa uandishi wa kitaaluma wenyewe unaonekana vizuri katika mfano wa karibu. Mwezi Januari 2014 mafuriko yaliikumba Dumila na Magole, daraja likaharibika na magari ya Dodoma na Morogoro yakakwama. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeandika kwamba mafuriko hayo yaliletwa na ukataji miti milimani ametoa dai, ambalo huenda ni la kweli, lakini hajaandika insha ya kitaaluma mpaka aonyeshe vipimo vya mvua za siku zile, hali ya misitu kabla na baada, na maelezo mengine yanayowezekana, kama vile mchanga kujaa kwenye mito, kisha aseme kwa nini anaegemea upande mmoja, akitaja alikopata kila jambo.

Vyuo vya Tanzania vilijaribu kuziba pengo kati ya shule na uandishi wa namna hiyo kwa somo la stadi za mawasiliano, ambalo kitengo chake kiliundwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, nacho kikawa nalo. Udhaifu wake ni kwamba linafundishwa pembeni ya masomo mengine, huku madarasa yakiwa makubwa na mhadhiri akishindwa kuirudisha kazi ya kila mwanafunzi ikiwa na masahihisho, hivyo wengi hulifaulu kwa madesa, yaani muhtasari wa mihadhara unaorithishwa mwaka hadi mwaka, ambao ni kule kunakili ubaoni kulikobadilishwa sura.

Mwezi Julai 1992 ANC iliikabidhi Tanzania majengo yake. Mazimbu ikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, ikiendelea kuitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, na Dakawa ikawa na shule ya sekondari na chuo cha ufundi. Kipindi cha maandalizi kabla ya masomo, jambo lililokuwa la thamani kuliko kuta zote hizo, hakikurithiwa na chuo chochote.