Mwene, Jembe na Mkutano wa Kijiji: Mabadiliko ya Utawala katika Ufipa

Utangulizi

Mara nyingi historia ya utawala katika nchi yetu husimuliwa kana kwamba ilianza na boma la Wajerumani. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba watu wa Ufipa walikuwa wakirekebisha utawala wao muda mrefu kabla ya hapo, kila mara ardhi, zana na majirani zao walipobadilika. Tunaliuliza jambo hili kwa sababu ya wajibu wetu. Mchungaji anayetumwa Sumbawanga au Nkasi hawezi kufundisha juu ya mamlaka bila kujua watu wake wamekwisha kutawaliwa kwa njia zipi.

Milansi na Watwa

Mapokeo ya Wafipa yanasema kwamba makao ya kwanza ya utawala yalikuwa Milansi. Siku moja mfalme alipokuwa mawindoni walifika wanawake watatu wageni, nao wakakitwaa kiti chake. Aliporudi hakupigana nao. Watwa, yaani ukoo wa wanawake hao, walipata utawala wa nchi, naye akabaki na Milansi pamoja na heshima yake ya ibada. Baadaye ufalme wa Watwa uligawanyika kuwa nchi mbili, Nkansi na Lyangalile.

Hatuyachukui mapokeo haya kama kumbukumbu ya tarehe. Hata hivyo yanashuhudia wazo zito, kwamba anayetawala nchi na anayesimamia mambo matakatifu si lazima wawe mtu mmoja. Msomaji wa Luther hatalishangaa wazo hilo, ingawa asilitafute fundisho la tawala mbili mahali ambapo halikufundishwa.

Chuma na ntumba

Nyanda za Ufipa zina nyasi nyingi na miti michache. Kilimo cha kukata na kuchoma miti, kinachomlazimu mkulima kuhamahama, hakikufaa hapo. Wafipa walifukia nyasi chini ya matuta ya duara yaitwayo ntumba. Nyasi zilioza na kuwa mbolea, na msimu uliofuata matuta yalisambazwa ili ulezi upandwe. Jembe lilitokana na chuma kilichoyeyushwa katika tanuru za udongo zenye kimo cha mita tatu hivi, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto.

Kwa kuwa shamba halikuhama, kijiji nacho kilidumu mahali pake. Watu waliokaa pamoja miaka mingi walihitaji mtu wa kuamua magomvi yao. Juu walikuwako maofisa wa Mwene, lakini mkuu wa kijiji alichaguliwa na wanakijiji wenyewe, nao waliweza kumwondoa. Joseph Thomson alipopita mwaka 1880, katika siku za Mwene Kapufi wa Nkansi, alikuta watu wa amani na wakulima hodari.

Amri kutoka mbali

Utawala wa Kijerumani, na baada yake ule wa Kiingereza, uliwageuza watemi kuwa watumishi wa serikali. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa mamlaka ya wenyeji, lakini sasa walijibu kwa bwana shauri kuliko kwa watu wao. Majembe ya dukani yaliingia na tanuru zikazimika. Mwaka 1963 serikali huru iliondoa madaraka ya watemi.

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilizochaguliwa zilivunjwa. Mwaka uliofuata Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa wote. Nia ilikuwa njema: shule, maji na zahanati. Lakini amri ilikuwa moja kwa nchi nzima, pamoja na Ufipa, ambako watu walikuwa wamekaa vijijini tangu kale. Nayo ilifika wakati ambapo chombo cha wilaya cha kuihoji hakikuwapo tena. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982.

Katika miaka ya 1980 Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ghala la mahindi la taifa, kwa msaada wa mbolea ya ruzuku. Ruzuku hiyo ilipoondolewa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, mkulima aliyekwisha kuiacha ntumba alibaki hana nyasi zilizofukiwa wala fedha za mbolea. Wakati huohuo wafugaji, wengi wao Wasukuma, walikuwa wakihamia Bonde la Rukwa na makundi ya ng'ombe, na ugomvi wa ardhi ukaongezeka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka usimamizi wa ardhi mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake, pamoja na baraza la ardhi la watu saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake.

Hitimisho

Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, linakiri kwamba serikali ni agizo jema la Mungu. Halisemi kwamba kila umbo la serikali ni la milele. Musa alibadili utaratibu wake aliposhauriwa na mkwewe (Kut. 18). Mitume waliongeza huduma mpya kwa sababu ya manung'uniko juu ya wajane waliosahauliwa (Mdo. 6). Hawakuyanyamazisha manung'uniko hayo, waliukusanya mkutano.

Hiki ndicho kipimo tunachokiona katika historia ya Ufipa. Utawala ulibadilika vema pale ambapo mwenye jembe aliweza kusema, na vibaya pale aliposemewa. Kanisa nalo halimo nje ya kipimo hiki. Mzee wa usharika ambaye haulizwi na mtu hana tofauti na mtemi anayejibu kwa bwana shauri peke yake. Basi mchungaji ahudhurie mkutano wa kijiji akiwa mwanakijiji, tena asikilize kabla ya kusema.