Kipepeo Mmoja, Majina Mengi

Anayetaka kumtambua kipepeo wa msituni huanzia kwenye mabawa: rangi, madoa, mikia. Kwa wengi hilo latosha. Papilio dardanus wa misitu ya Afrika ndiye aliyeonyesha kwamba alama za bawa ni ushahidi tu, na hukumu hutolewa na uzazi. Dume wake ni wa manjano hafifu, ana ukingo mweusi na mikia nyuma. Majike, kwa sehemu kubwa ya bara, hawana mikia, hawafanani na dume, wala wao kwa wao: huyu mweusi mwenye mabaka meupe, yule wa rangi ya chungwa. Wataalamu wa Ulaya, waliowapokea wakiwa wamekauka na kuchomwa pini, waliwagawia majina ya spishi mbalimbali.

Mwaka 1869 Roland Trimen wa Cape Town alichapisha hoja kwamba wote hao ni spishi moja, na kwamba majike wamevaa sura za vipepeo wenye ladha mbaya wanaokwepwa na ndege: mweusi anamuiga Amauris niavius, wa chungwa Danaus chrysippus. Mwingereza Hewitson alimkejeli, na tuwe wakweli, pingamizi lake lilikuwa na uzito. Huko Madagaska jike hufanana na dume, mikia na yote. Vipi nduguye wa bara awe na wake wa kila sura? Lakini baadaye mkusanyaji wa Hewitson mwenyewe alimletea kutoka Fernando Po dume na jike wa sura tofauti walionaswa wakipandana. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Durban, mayai ya jike mmoja yalilelewa hadi yakatoa majike wa sura zaidi ya moja.

Atakayesema basi mabawa ni ya kupuuzwa atakuwa amekwenda mbali mno. Clarke na Sheppard, waliowazalisha vipepeo hawa Liverpool, walionyesha kwamba sura hizo hurithiwa kwa utaratibu unaotabirika. Mabaka hayakusema uongo. Yaliulizwa swali lisilo lao. La spishi iulizwe miguu pia. Akitua mweusi mwenye mabaka meupe kwenye jani huko Kakamega, hesabu miguu anayosimamia. Dardanus husimamia sita, Amauris minne. Ukihesabu minne, si yeye.